Udongo Uliooshwa

Jumamosi, alasiri. Mawingu yamejazana tangu asubuhi lakini mvua bado inajifikiria. Joto limebana. Kuku wamejilaza kwenye kivuli cha karo, midomo wazi, na mimi nimejikunyata chumbani na simu kama niliyeiba kitu.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja.

Mimi sili mboga za bustani yetu.

Nazipanda. Nazimwagilia. Nazipiga picha na kuziweka hapa kwenye ukurasa wangu, nanyi mnaniandikia kuzisifu. Lakini Mama akizipika, nakaa mkekani na wenzangu, namega tonge, nalizungusha juu ya bakuli bila kugusa, nalitia mdomoni kavu. Nikiulizwa nasema tumbo. Fungu langu nalisogeza upande wa Limi, mdogo wangu, naye hulimaliza kwa sababu ana miaka mitatu na hupenda chochote kilichokuwa cha mtu mwingine.

Naogopa kula, halafu namwachia Limi.

Nimeiandika hiyo sentensi. Wiki nzima imekuwa ikizunguka kichwani, leo ndiyo mara ya kwanza naiona kwa macho.

Kwa aliye mgeni hapa: naitwa Kabula, niko kidato cha tatu, na mtu akinisalimia ghafla njiani huwa naitikia akiwa ameshapita. Ndiyo maana naandika. Tunaishi Masumbwe, vyumba viwili vya kupanga. Uani kwetu ni pembamba. Mtu akianika shuka, mwingine hapiti. Kwa hiyo bustani yetu imesimama badala ya kulala. Ni magunia yaliyopangwa ukutani. Katikati ya kila gunia nilisimamisha kopo lisilo na kitako, nikalijaza kokoto, nikazungushia udongo, kisha nikalivuta juu kidogo kidogo hadi pakabaki nguzo ya kokoto inayoteremsha maji mpaka chini. Ubavuni nikatoboa matundu, kila tundu na mche wake. Juu ya magunia nimening'iniza madumu ya mafuta ya kula niliyoyakata ubavu, yana figiri na vitunguu vya majani. Maji ni yale yaliyooshea mchele. Yakizidi dumu la juu yanadondokea la chini. Kivuli ni chandarua kilichochanika.

Yote hayo niliwaandikia na yote ni kweli. Ila kila mlipouliza kuhusu udongo, nilijibu "wowote ulio laini," nikaruka haraka kwenye habari za mbegu.

Sasa niwaambie udongo ulikotoka.

Magunia ya kwanza yalinishinda. Udongo wa hapa uani ni changarawe na mabaki ya saruji. Mchicha ulitoka ukiwa wa njano, ukasinyaa kama uliopokea habari za msiba. Baba aliniona nimechuchumaa mbele ya gunia, najifanya napalilia. Baba si mtu wa kusema.

Siku iliyofuata alirudi kwa bodaboda, amekumbatia kiroba kikubwa kama anayepeleka mgonjwa. Alikifungua mbele yangu. Udongo wa kijivu, laini kama unga wa muhogo, haukuwa hata na punje moja ya kuchoma kidole.

"Huu umeoshwa, mama," aliniambia. Huniita mama akiwa amefurahi. "Umesagwa, umepita majini, hauna jiwe, hauna gugu, hauna mdudu. Masumbwe nzima hupati udongo safi kama huu."

Baba anafanya kazi mwaloni, pale wanapoosha mawe ya dhahabu yakishasagwa. Udongo unaobaki dhahabu ikishatoka unaitwa marudio. Upo vilima kwa vilima. Watoto wanateleza juu yake, mafundi wanachanganyia plasta. Na baba yangu, ambaye anauosha kwa mikono yake kutwa nzima, aliona jambo lililo wazi: kitu kilichooshwa ni safi. Hata mimi niliona hivyo hivyo. Ungeniuliza jioni ile ningekuapia.

Nikachanganya na samadi kutoka zizini kwa mjomba na maganda ya mpunga yaliyochomwa. Mchicha ukapanda kama unafukuzwa na mtu. Majani mapana, ya kijani kizito. Mama akaacha kununua mboga. Baba akawa kila akitoka kazini anapitia uani kwanza kabla ya kuvua mabuti, anasimama tu, anatazama.

Laiti mchicha ule ungekauka.

Halafu kuna siku mwalimu wa kemia aliingia darasani akaandika neno moja la Kiingereza ubaoni, nikatabasamu peke yangu maana hilo nilikuwa nalijua. Mekyuri. Nyumbani tunalitamka karibu hivyo hivyo. Redioni wanaita zebaki. Nilipokuwa mdogo Baba aliwahi kunidondoshea tone kwenye kisahani, likakimbia kama shanga yenye uhai. Nilikuwa nalikata kwa kijiti, linaungana tena, nacheka mpaka nalala. Ilikuwa zawadi. Ndivyo nilivyokuwa naikumbuka.

Mwalimu alieleza kwa Kiingereza, kisha alipotuona tumekodoa macho akarudia kwa Kiswahili. Kwamba hiyo ndiyo inayoshika dhahabu kule mwaloni. Kwamba nyingine hubaki ndani ya marudio, na haiozi, haichakai, inakaa. Kwamba vumbi lake si la kuvutwa, udongo wake si wa kuchezewa, mboga zilizooteshwa humo si za kuaminiwa. Kwamba wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na wale ambao bado wako tumboni.

Darasa letu nusu nzima ni watoto wa mwaloni. Kisha sauti moja ikatoka nyuma:

"Sir, kwa hiyo sisi ni marehemu tunaotembea?"

"Marehemu hawapigi kelele," mwalimu akamjibu. "Kaa chini."

Tulicheka sana. Nami nilicheka, huku nimeinua mkono hadi usawa wa bega, nataka kuuliza: na kama mtu ameshakula? Mwalimu hakuuona. Nikaushusha, nikajifanya najikuna shingo.

Akaendelea na dalili. Usahaulifu. Hasira za ghafla. Mikono kutetemeka.

Baada ya hapo sikusikia kitu tena mpaka kengele.

Maana nyumbani Mama humjazia Baba kikombe nusu. Sijui alianza lini. Kikijaa, chai inamwagika kabla haijafika mdomoni, basi siku hizi anatia nusu, akimaliza anamwongeza nusu. "Mama yako ananipimia chai kama dhahabu," Baba hutania, na sisi hucheka upesi upesi ili tupite. Akifunga kamba ya gunia, ncha inakosa tundu, inakosa tena, mpaka nasema, "Baba niachie na mimi nijifunze," naye ananiachia. Yeye anasema ni uchovu. Mama anasema ni mabaki ya malaria. Mimi sisemi.

Ndiyo sababu mdomo umekataa kufunguka. Nikisema udongo una sumu, nitakuwa nimesema mikono yake ina sumu. Nitakuwa nimelitaja lile ambalo nyumba nzima tunalizunguka, kama watu wanavyozunguka shimo la wachimbaji lisilofunikwa, kila mtu akijua lilipo, hakuna anayechungulia.

Na naogopa atakavyonijibu. Naogopa aseme, udongo huu umekulisha tangu unazaliwa, leo umesoma ndiyo umekuwa mbaya? Nitasema nini? Ni kweli umenilisha.

Naogopa pia asiseme kitu. Hilo ndilo baya zaidi.

Tena huenda nimekosea. Mboga hazinuki, hazina madoa. Hakuna aliyezipima. Huenda hamna kitu. Limi anakimbia, anapiga kelele, anaiba sukari kama watoto wote. Lakini juzi aliangusha kijiko, nikashtuka hadi nikamwaga maji niliyoshika. Nilimkamata viganja vyote viwili, nikavitazama muda mrefu. Vilikuwa vimetulia.

"Dada unanibana," akasema.

Nilikuwa nambana kweli.

Ningeweza kuendelea hivi, kumeza tonge kavu na kusingizia tumbo, labda hadi siku Mungu aijuayo. Ila leo asubuhi jambo limenizidi kimo.

Jirani yetu Mama Zuhura, anayeuza vitenge, mtu wa Ujiji aliyeolewa huku, alikuja na kinamama wa mtaani. Aliingilia uani moja kwa moja, akapaza sauti ya salamu kwa Kisukuma chake cha kuazima:

"Mwangaluka, mayu! Bibi Shamba yuko wapi? Tumekuja kusoma, ada hatuna!"

Bibi Shamba ni mimi. Mama alinitoa jikoni kwa kunisukuma mgongoni. Nikasimama mbele ya magunia, macho kwenye vidole vyangu vya miguu, nikaeleza habari za kopo na kokoto.

"Ongeza sauti, mwanangu. Unaongea na sisi au na mchicha?" Mama Zuhura akasema, wakacheka wote, nami masikio yakawaka moto. Lakini niliendelea. Matundu. Maji ya mchele. Chandarua. Wakawa wanagusa majani, wanasema eh, wanasema tazama hili, sikio la tembo kabisa.

Kisha mmoja akauliza, "Na udongo?"

Niliwaza: sasa. Hapa hapa. Sentensi moja tu, Kabula.

Baba alikuwa ameketi kizingitini anaziba buti lililotoboka. Akasimama. Sijawahi kumwona akisimama vile, kama mtu aliyeitwa jina lake mbele ya watu kwa jambo jema.

"Udongo niachieni mimi," akasema. "Kesho asubuhi naleta toyo nzima ya matairi matatu imejaa. Kila mtu aje na magunia yake."

Vigelegele. "Baba Kabula ameongea!" Mama Zuhura akapiga makofi. "Jamani, mvua leo inanyesha kweli!" Baba akacheka, kichwa chini, mikono ameificha mgongoni.

Nilijua kwa nini ameificha. Mimi huificha yangu hivyo hivyo nikiogopa. Nimerithi kwake.

Kuna la pili. Zuhura, binti wa Mama Zuhura, ana mimba kubwa, na kliniki wamemwambia ale majani aongeze damu. Mama yake akaniomba fungu moja la kumpelekea. Wote walikuwa wananitazama. Nikachuma. Kwa mikono hii hii inayoandika. Nilichuma majani makubwa makubwa, kwa sababu sikujua mtu anachumaje machache mbele ya macho ya watu.

Walipoondoka, na Baba naye akaenda kumtafuta dereva wa toyo, nilivaa kandambili nikakimbia kwa Mama Zuhura. Nilikuwa nimeipanga sentensi njiani. Nilibisha hodi. Zuhura alikuwa mkekani, miguu imevimba, ameiegemeza juu ya mto. Mboga zangu zilikuwa kwenye beseni, bado hazijakatwa. Akanitabasamia.

"Enhe, Bibi Shamba?" Mama Zuhura akauliza.

Nikaomba chumvi.

"Bustani yote ile, chumvi hamna?" Akanifungia kwenye kipande cha gazeti. Nikashukuru, nikapiga goti kama mtoto mwenye adabu, nikarudi nyumbani.

Chumvi tunayo. Mfuko mzima uko kabatini. Na hiki kifurushi kiko hapa kitandani kando yangu, sijui nikiweke wapi.

Mchana huu nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nimegundua kwamba hofu yangu siku zote ilikuwa inanilinda mimi tu. Haijamlinda Limi hata siku moja.

Kuna kitu kimoja kimebaki nikiseme.

Haya ya udongo nimeshayaandika huko nyuma, mara nyingi. Rasimu zimejaa kwenye simu hii, zote kwa Kiingereza. Nilijidanganya kwamba ni mazoezi ya mtihani. Ukweli ni kwamba Baba aliishia darasa la saba. Kiswahili anakisoma polepole, anafuatisha kwa kidole. Kiingereza hasomi. Nilichagua lugha ambayo hata nikisinzia simu ikiwa wazi kifuani, siri imefungwa. Na bado kila akiingia nilikuwa naigeuza simu kifudifudi pajani.

Shule imenipa lugha ya pili, na kazi ya kwanza niliyoipa ni kumfungia baba yangu mlango.

Leo nimeandika kwa Kiswahili. Nimejitahidi maneno yawe mepesi, kama mtu anayemmenyea mwenzake chungwa.

Kwa ninyi mlioniuliza: kama mnaishi karibu na mwalo, msitumie marudio, hata yakiwa laini kiasi gani, hata mkipewa na mtu anayewapenda. Chukueni udongo wa kichuguu shambani, mbali na mwalo, mtie samadi na maganda ya mpunga. Gunia litasimama vizuri tu. Mliokwisha kuyatumia kwa jibu langu la "wowote ulio laini," nisameheni. Mengine siyajui. Jumatatu nitamuuliza mwalimu, na mkono nitauinua hadi juu.

Na wewe Baba, ukifika hapa.

Jioni ile ya kiroba sijawahi kuisahau. Najua ulichagua kilicho safi kuliko vyote ulivyokuwa navyo. Mimi si mwalimu wako, na sijasema wewe umetukosea. Naomba toyo isiende kesho. Naomba twende kwa Mama Zuhura sasa hivi kabla hawajabandika sufuria. Nitaongea mimi, wewe simama tu nyuma yangu, ili nisiombe chumvi tena. Naomba tumwambie Mama pamoja. Na wiki ijayo naomba tupande gari twende Shinyanga, hospitali, wewe na Limi na mimi, tukawaambie unafanya kazi gani, waitazame mikono yako. Hatutakutilia nusu kikombe maisha yote tukijidai ni utani.

Magunia nitayasimamisha upya. Kichuguu cha shambani kwa mjomba ni kikubwa. Tutachimba wote, na kamba nitafunga mimi.

Sitaichapisha hii kabla Baba hajaisoma. Kwa hiyo kama imewafikia, mjue kidole chake kimepita hadi hapa.

Nasikia mabuti. Ni yeye. Anayagonga kwenye jiwe la mlangoni, la kushoto kwanza, halafu la kulia. Anapiga mluzi, amepata toyo. Amesimama kidogo upande wa uani, anatazama mchicha kama kawaida yake. Sasa anakuja.

Mkono wangu umeshaanza kuigeuza simu wenyewe. Nimeurudisha.

Herufi nimezikuza. Nitampokea kwa goti, nitampa kwa mikono miwili. Na yake ikitetemeka mno akashindwa kuufuata mstari, nitamshikia.